Droo Iliyoandikwa Usiguse

Vuteni viti karibu, na mwenye swali aliweke mpaka nimalize, maana habari hii nimepewa na mtu asiyependa kukatizwa, nami ameniambukiza. Mtu mwenyewe ni Bi Sikudhani Ngonyani, aliyefanya kazi masijala miaka thelathini na mmoja, akastaafu bila jalada hata moja kupotea mikononi mwake. Hayo anayasema mwenyewe, na ukionyesha kuyatilia shaka atakutajia majalada kwa namba mpaka uombe radhi.

Namna alivyofika nchi ya Uthabiti haituhusu. Alisafiri, akafika, miguu ikamvimba kidogo, basi. Mpakani mlinzi hakumwuliza anatoka wapi wala anakwenda kwa nani. Alimwuliza nani anamdhamini. Bi Sikudhani akajibu kwamba yeye ni mtu mzima na anajidhamini mwenyewe. Mlinzi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamweleza kwa upole kwamba katika nchi nzima ya Uthabiti kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kusema hivyo. Akampa hati ya mgeni, yenye mwisho wake Ijumaa saa sita mchana, akamwonya kwamba ikifika saa sita na dakika moja hatakuwa mgeni tena, atakuwa si mtu.

Nchi yenyewe iko hivi. Kila mtu ana hati, na kila kitu chenye mlango kina hati: shule, kinu, zahanati, hata josho la ng'ombe. Hati ni kadi ngumu yenye jina lako, tarehe ya kuisha, na sahihi ya mdhamini wako. Mdhamini wako naye ana hati yenye sahihi ya mdhamini wake, na kadhalika mpaka juu kilimani kwa Mdhamini Mkuu, ambaye hati yake ameitia sahihi mwenyewe. Ukiwauliza Wathabiti nani anamdhamini Mkuu, watakujibu kuwa ni Mkuu. Ukiwauliza kwa nini aaminiwe, watakujibu kuwa ni kwa sababu yeye ndiye Mkuu. Bi Sikudhani alisema hata kwao mambo hayo yapo, ila watu huona haya kuyaandika.

Halafu kuna mwenza. Kila hati inapokatwa, ukingo wake hukatwa kwa meno meno, na kile kipande kidogo kinachobaki ndicho mwenza wake. Hati unaweza kuibandika ukutani, ukamwonyesha jirani, ukatembea nayo shingoni. Mwenza humwonyeshi mtu. Ukifika kwenye mlango, mlinzi anasoma hati kwa macho, kisha mwenza unampa chini ya kitambaa, naye anapapasa kwa vidole kama meno yanaingiana, kisha anakurudishia. Hati isiyo na mwenza ni karatasi ya kufungia karanga.

Mgeni hupangiwa mwenyeji, na Bi Sikudhani alipangiwa kwa Bi Mwatabu wa mtaa wa Mferejini, mjane wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Mume wake, marehemu Mzee Chilumba, alikuwa mwangalizi wa maji ya mtaa, na alipofariki masika yaliyopita kazi ikamwangukia mke. Mtoto wao Shaweji, mwanamume wa miaka thelathini hivi, ndiye mlinzi wa lango la maji lenyewe. Baba alipeleka hati, mtoto akafungua lango. Sasa ni zamu ya mama kupeleka.

Na hapo ndipo palipokuwa na mambo. Hati ya maji ya Mferejini ilikuwa inaisha Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa sita mchana. Mwaka uliopita mtaa wa jirani ulichelewa, lango likafungwa siku nne, watu wakanywa maji ya bwawani, na zahanati ikajaa watoto wanaoharisha. Wawili hawakurudi nyumbani. Bi Mwatabu alimhadithia mgeni wake haya Jumatatu mchana, akipangusa meza.

Shaweji alikuwapo, anakula. Alikuwa amemwamkia mgeni shikamoo vizuri, akamnawisha mikono, kijana asiye na shida hata kidogo. Bi Sikudhani akamwuliza, kwa kuwa yeye hawezi kuliacha jambo likae, kama ni kweli Alhamisi saa sita atamfungia maji mama yake mzazi.

"Nikikosa kuona hati, nitafunga," Shaweji akasema.

"Kwani mama yako humjui?"

"Namjua, mama. Hati ndiyo haimjui."

Akaendelea kula. Bi Sikudhani anasema alitamani kumpokonya sahani.

Kwenye baraza za nchi ile siku hizo mjadala mkubwa ulikuwa juu ya muda wa hati. Zamani zilidumu miaka mitano. Ikaonekana si salama, ukawa mwaka. Sasa wakubwa walikuwa wameamua kwamba kuanzia mwezi ujao ziwe siku tisini, na kikundi kingine kilikuwa kinadai arobaini na saba. Bi Sikudhani alikaa kwenye mjadala mmoja asubuhi nzima ya Jumanne, na hoja zilitolewa kwa adabu na kwa takwimu. Mwashi mmoja alisimama akauliza watu watajenga saa ngapi kama maisha yote yatakuwa ni foleni ya hati. Alisikilizwa kwa makini, akashukuriwa, na ikagundulika kwamba hati yake ya kuzungumza barazani ilikuwa imeisha jana yake. Maneno yake yakafutwa kwenye kumbukumbu.

Jumatano Bi Mwatabu akaenda masijala kuu kufungasha bahasha yake ya maji, na Bi Sikudhani akamfuata. Ukweli ni kwamba asingeweza kuzuiwa. Mtu aliyeishi na majalada miaka thelathini na mmoja ukimwambia kuna masijala ya nchi nzima, unategemea nini?

Lakini alipofika hakuona jalada hata moja. Aliona ukuta mweupe, mrefu, wenye matundu madogo usawa wa mdomo, na mbele ya kila tundu mtu amesimama ananong'ona. Nyuma ya ukuta, alielezwa, ndiko ziliko droo zote za Uthabiti, na huko hakuna anayeingia ila Msikivu. Msikivu ni nani, hakuna aliyewahi kumwona. Unamwamuru, anafanya. Unamwambia kitendo, kisha kitu, kisha mahali, kwa mpangilio huo, na hapotezi sekunde.

Bi Sikudhani akasogea kwenye tundu, akakohoa kidogo, akasema kwa heshima zote kwamba tafadhali, kama hatasumbuka, anaomba kuona droo ya maji ya Mferejini.

"Tafadhali: sikijui kitendo hicho," sauti ikajibu ukutani.

Watu wa matundu ya jirani wakageuka kumtazama. Bi Mwatabu akamvuta pembeni, akasogea yeye, akasema maneno matatu makavu: orodhesha maji Mferejini. Msikivu akazitaja droo moja moja: mpya. Mpya ya kweli. Ya mwisho. Ya mwisho kabisa. Jaribio. Jaribio la pili. Usiguse.

Bi Sikudhani alifumba macho. Anasema amewahi kufiwa, amewahi kuibiwa, lakini orodha ile ilimwuma kwa namna yake. Akauliza nani aliyezipa droo majina hayo, akajibiwa kuwa kila mtu huziita hivyo, nchi nzima.

Bi Mwatabu hakuona tatizo. Wiki mbili nyuma alikuwa amekwisha kuomba hati mpya ya maji, ikakatwa, na mwenza wake akaamuru awekwe kwenye droo ya mpya, ile ya masijala yote, kama mkuu wa masijala alivyoelekeza. Sasa kilichobaki ni kuamuru hati na mwenza vifungwe pamoja, pamoja na hati za wadhamini, na kesho asubuhi aipeleke bahasha langoni. Akaamuru: funga maji mpya. Ukuta ukanyamaza. Bi Mwatabu akashusha pumzi, akageuka kuondoka.

"Mbona hajajibu?" Bi Sikudhani akauliza.

"Amejibu, dada. Amenyamaza. Msikivu akinyamaza ujue imefanyika. Anasema tu pakiwa na kosa."

Sasa hapo msimlaumu Bi Sikudhani. Yeye ametoka mahali ambapo ukimwomba mtu kitu akanyamaza, amekudharau au amesahau, na mara nyingi yote mawili. Hakutoka pale mbele ya tundu. Akauliza kama hakuna neno la kumfanya Msikivu aonyeshe alichokifanya. Bi Mwatabu akasema kwa sauti ya chini kwamba neno lipo, ni onyesha, ila halitumiki. Ni kama kumwambia mtu kwamba humwamini.

Tazama maajabu ya watu hawa. Nchi nzima haimwamini mama kwa sura yake, haimwamini ndugu aliyezaliwa naye tumbo moja, haimwamini mwashi kwa ukuta aliojenga mwenyewe. Lakini kimya kikitoka kwenye tundu, wanakwenda nacho nyumbani kulala. Bi Sikudhani akasogea akasema: onyesha maji mpya.

"Hati: maji Mferejini," Msikivu akasema. "Mwenza: kinu cha Kwembe. Haviingiani."

Bi Mwatabu akashika ukuta.

Ikabidi aitwe mkuu wa masijala, Bwana Mkadiri, mtu nadhifu, mwenye hati nane kifuani na kalamu moja isiyotumika. Alikasirika kwanza kwa sababu ya lile neno, na ilimchukua muda kufika kwenye tatizo lenyewe. Bi Sikudhani akamhoji taratibu, kama alivyokuwa akiwahoji makarani wake wa zamani, na jambo likajitokeza. Msikivu ana kanuni moja: jina moja, kitu kimoja. Ukimletea kitu chenye jina ambalo tayari liko drooni, kile cha kwanza anakisaga unga, anaweka cha pili, na hasemi kitu, kwa sababu umeamuru naye ametii. Na Bwana Mkadiri ndiye aliyeelekeza, miaka tisa iliyopita, kwa ajili ya mpangilio mzuri, kwamba kila mwenza mpya nchini aitwe mpya na awekwe kwenye droo ya mpya.

Mwenza wa maji alikuwa amewekwa wiki mbili nyuma. Siku iliyofuata, kabla bahasha ya maji haijafungwa, akaja mtu wa kinu na wake.

"Lakini hakuna aliyewahi kulalamika," Bwana Mkadiri akasema.

"Watalalamika kwa nani, na wamefungiwa milango?" Bi Sikudhani akamjibu.

Ule mtaa wa jirani wa mwaka uliopita, kumbe haukuchelewa. Bahasha yao ilifika kwa wakati, ikiwa na mwenza wa mtu mwingine, mlinzi akapapasa, akafunga. Walilaumiwa kwa uzembe. Bi Mwatabu alipolielewa hilo alikaa sakafuni, akasema majina ya wale watoto wawili, yote mawili, mbele ya mkuu wa masijala na hati zake nane.

Kuomba mwenza mwingine mpya huchukua siku tano. Walikuwa na nusu siku na asubuhi moja. Bi Sikudhani akauliza, hii hati ya sasa, inayoisha kesho, mwenza wake yuko wapi? Kwa sababu kama yupo, akamwambia Mkadiri, hati mpya inaweza kukatwa kufuata meno ya mwenza wa zamani, na hilo ni jambo la saa chache tu. Mkadiri akakiri kwamba kanuni inaruhusu, mradi hati ya zamani haijaisha. Haijawahi kufanyika, akasema, lakini inaruhusu.

Bi Mwatabu akasema kwamba aliyeifunga hati ya mwisho ni marehemu, na kwamba droo ile ya usiguse aliiandika huyo huyo marehemu kwa sauti yake mwenyewe kwenye tundu lile lile. Hajawahi kuifungua. Kaambiwa asiguse na mume wake, na mume wake hayupo tena wa kubadilisha neno. Machozi yakamtoka, naye akayapangusa kama anavyopangusa meza, haraka, mara mbili.

Bi Sikudhani hakumbembeleza, hiyo si tabia yake. Alimwambia tu kwamba katika masijala mtu haandiki usiguse kwenye kitu anachotaka kipotee.

Bi Mwatabu akasogea kwenye tundu. "Onyesha maji usiguse," akasema.

"Mwenza: maji Mferejini. Anaingiana na hati ya sasa."

Hati mpya ikakatwa Alhamisi, saa tatu na robo. Na mngedhani yameisha, lakini hamumjui Bwana Mkadiri. Bahasha ya maji hubeba hati tatu: ya mtaa, ya mdhamini wa mtaa, na ya Mdhamini Mkuu. Mlinzi wa lango husoma ya juu kwanza, na ya juu isipokuwa ya mtaa, hasomi zaidi. Bwana Mkadiri, ambaye alikuwa amejitolea kufungasha mwenyewe ili kusafisha jina, aliamuru, ukuta ukanyamaza, akawakabidhi bahasha kwa mikono miwili. Bi Mwatabu aliipokea, akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni, akarudi mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Akamwamuru Msikivu aonyeshe. Hati ya Mkuu ilikuwa juu kabisa.

Mkadiri akaeleza kwamba ni suala la itifaki. Hakuna mahali popote duniani ambapo mkubwa anawekwa chini ya mfereji. Wakabishana mpaka saa tano na nusu, yeye akitaja heshima na Bi Sikudhani akitaja kiu, na mwishowe Bi Mwatabu akaacha kuwasikiliza wote wawili, akasogea kwenye tundu akapanga mwenyewe: mtaa, mdhamini, Mkuu. Kimya. Onyesha. Zikasomwa kwa mpangilio huo huo. Akaondoka mbio, mwanamke yule mpole, kanga imefungwa kiunoni, na Bi Sikudhani nyuma yake na miguu yake iliyovimba.

Walifika langoni zimebaki dakika nne. Shaweji alikuwa amesimama kando ya gurudumu la lango, mkono mmoja mfukoni. Alisoma hati ya mtaa. Akasoma ya mdhamini. Akasoma ya Mkuu. Akapapasa mwenza chini ya kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamrudishia mama yake mwenza, bahasha akaiweka kwenye kisanduku chake. Gurudumu hakuligusa. Maji yakaendelea kupita chini yao kwenda Mferejini, yale yale ya jana.

Hakusema neno. Bi Mwatabu akasubiri, kisha akamgeukia mgeni wake akatabasamu kwa uchovu, akasema basi yameisha, si unaona amenyamaza.

"Na wewe umeridhika?" Bi Sikudhani akamwuliza.

Bi Mwatabu akamtazama mwanawe. Akautazama ule mkono ulio mfukoni.

"Shaweji," akasema. "Nionyeshe."

Shaweji akautoa mkono, akaufungua. Ndani mlikuwa na hati yake ya ulinzi, imechanwa vipande vinne, imelowa jasho. Alikuwa ameichana asubuhi, kabla hata hawajatoka masijala. Mtu asiye na hati ya ulinzi hawezi kulifunga lango hata akitaka, na kumpata mlinzi mwingine kungechukua wiki mbili.

"Nilidhani hutafika kwa wakati," akamwambia mama yake. "Samahani. Nilipaswa kukungoja."

Bi Mwatabu alimshika usoni kwa mikono yote miwili, naye mwanamume mzima akalia kama mtoto. Bi Sikudhani anasema alitazama pembeni. Mimi namjua, alilia naye.

Lakini mtu bila hati katika Uthabiti si mtu. Hapewi chumba, hauziwi mkate, hasemeshwi. Na hakuna mdhamini atakayemtia sahihi mlinzi aliyechana hati yake kwa makusudi. Ijumaa asubuhi masijala ilikuwa imejaa kuliko kawaida, kwa sababu habari ya droo ya mpya ilikuwa imezagaa, na kwenye kila tundu kulikuwa na mtu anasema onyesha, onyesha, na Bwana Mkadiri alikuwa amekaa kwenye kiti bila hati hata moja kifuani. Bi Mwatabu akapita katikati yao akimshika mwanawe mkono, akasimama mbele ya tundu.

"Kata hati Shaweji," akasema.

"Mdhamini?" Msikivu akauliza.

"Mwatabu. Mama yake."

"Mdhamini wa Mwatabu?"

Bi Sikudhani aliitazama saa ya ukutani, kwa kuwa yeye naye saa sita alikuwa hana haki ya kuwapo, akaona bado ana muda wa kusikia jibu.

"Mimi," Bi Mwatabu akasema.

Ukuta ukanyamaza. Hakuna hata mmoja katika nchi ile aliyejua kama Msikivu ataikataa kauli hiyo, kwa sababu wote waliambiwa ni ya Mkuu peke yake, na tangu hapo mwanzo hakuna mwingine aliyewahi kuijaribu kwenye tundu. Mtu mmoja nyuma akacheka, cheko lile la mlinzi wa mpakani, kisha akaacha. Bi Mwatabu hakugeuka. Akasogeza mdomo karibu zaidi na tundu.

"Onyesha," akasema.

"Hati: Shaweji," Msikivu akasoma, kwa sauti ile ile anayosomea hati za wote. "Mdhamini: Mwatabu. Inaingiana."